Jotoardhi: uliza kilo kwa sekunde kabla ya kuuliza nyuzi joto

Kila jotoardhi inapojadiliwa hapa Dar es Salaam, namba inayotangulia ni megawati 5,000. Ndiyo makadirio ya rasilimali ya nchi nzima, kuanzia Natron kaskazini hadi Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka kusini magharibi, pamoja na Luhoi iliyoko Rufiji, kwa jirani zetu wa Pwani. Namba inayofuata ni ya joto: kemia ya maji na gesi za Ngozi inaashiria hifadhi, yaani mwamba uliojaa maji ya moto, yenye nyuzi joto 232 hivi chini ya ardhi. Ukumbi unapiga makofi, watu wanakwenda kunywa chai. Namba ya tatu, ambayo ndiyo inayoamua kama kuna mradi au hakuna, haitajwi: kisima kitatoa kilo ngapi za maji na mvuke kila sekunde, na maji hayo yatarudishwa ardhini yakiwa na joto kiasi gani.

Joto lenyewe halijawahi kuwa tatizo. Mwamba wenye ujazo wa kilomita moja kwa kila upande, ukiupoza kwa nyuzi moja tu, unaachia joto la kutosha kutoa megawati 70 za joto kwa mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo hakuna mkoa maskini. Hata chini ya Kariakoo, tukichukua ongezeko la kawaida la nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita, ukichoronga kilomita tatu unakaribia nyuzi 110. Makadirio makubwa ya rasilimali, popote duniani, hupatikana kwa hesabu za namna hii: ujazo wa mwamba, mara joto lake, mara asilimia fulani inayodhaniwa kuwa inaweza kuvunwa. Asilimia hiyo ya mwisho ndiyo yenye mjadala wote, na ndiyo inayotajwa kwa haraka kuliko zote.

Shida ni kwamba mwamba haupitishi joto kwa urahisi. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko granaiti. Chukua kisima kilichofungwa chenye kina cha kilomita mbili, maji yakishuka pembeni na kupanda katikati kupitia bomba lililo ndani ya bomba, bila kugusana na mwamba. Tuseme wastani wa tofauti ya joto kati ya mwamba na maji ni nyuzi 40. Siku za mwanzo kinatoa joto la kufurahisha, kwa sababu mwamba ulio ukutani bado ni wa moto. Baada ya miaka kumi, ukanda uliopoa umesambaa mita 35 hivi kuzunguka kisima, na kila mita ya kina inatoa wati kama 110 tu. Kisima kizima kinatoa kilowati 225 za joto. Ukijaribu kuligeuza joto hilo kuwa umeme, hutapata zaidi ya kilowati 20, na hapo pampu bado haijachukua chake. Genereta la jengo moja la ghorofa mtaa wa Aggrey linakizidi.

Hesabu hiyo tuikumbuke kila anapokuja mtu na michoro mizuri akiahidi umeme popote kwa kisima kilichofungwa, bila kuhitaji maji ya ardhini wala nyufa. Teknolojia hiyo ina mahali pake, hasa nchi za baridi ambako joto lenyewe lina soko la kupashia nyumba. Kwa umeme wa hapa kwetu itabidi ichorongwe mikono mingi ya pembeni yenye kilomita nyingi ndani ya mwamba wa moto sana, na kila mita ya mkono huo inalipiwa.

Kinachoifanya Olkaria, eneo la jotoardhi la Kenya, kuwa Olkaria ni maji. Yamepenya kwenye nyufa za miamba ya volkano, yakazunguka humo kwa maelfu ya miaka, yakikusanya joto kutoka ujazo ambao hakuna bomba lingeweza kuugusa. Mchorongaji akikata ufa mzuri, hanunui joto la ukuta wa kisima chake. Anafungua mlango wa ghala ambalo maji yamekwisha kulijaza. Ndiyo maana kisima kimoja kule hutoa megawati kadhaa za umeme wakati kingine, cha moto uleule, kilichochorongwa mita mia chache pembeni, hakitoi kitu. Kenya ilianza na megawati 15 mwaka 1981 na leo inazidi 900. Visima vikavu havikukosekana njiani, lakini walikuwa wanapima mtiririko, si joto peke yake.

Kutengeneza nyufa pasipo nyufa kunawezekana. Soultz-sous-Forêts kule Ufaransa walishuka kilomita tano hadi kwenye nyuzi 200, na baada ya miongo miwili ya kazi wakapata mtambo wa megawati zisizofika mbili. Basel, Uswisi, mwaka 2006, kusukuma maji kwa shinikizo kulizua tetemeko la ukubwa wa 3.4 na mradi ukafungwa. Pohang, Korea Kusini, mwaka 2017, lilikuwa tetemeko la 5.4. Mbinu mpya za kuchoronga kisima kwa mlalo na kukipasua kwa hatua, zilizojaribiwa Nevada mwaka 2023 na kupata mtiririko wa lita 63 kwa sekunde, ni hatua ya kweli na zinastahili kufuatiliwa. Ila nchi yenye bonde la ufa haina sababu ya kuanzia huko. Tuvitafute kwanza visima kwenye nyufa tulizopewa bure.

Sasa tuseme maji yapo. Yanatokaje? Hifadhi ya moto kama ile inayokadiriwa Ngozi hujisukuma yenyewe: maji yanapanda, shinikizo linapungua, sehemu inachemka na kuwa mvuke, safu nzima inakuwa nyepesi na kuendelea kupanda. Hifadhi ya nyuzi 150 mara nyingi haijisukumi vya kutosha, inahitaji pampu. Hapo ndipo miradi mingi inapoliwa. Lita 50 kwa sekunde za maji ya nyuzi 150, yakirudishwa kwa nyuzi 75, yanabeba karibu megawati 16 za joto. Mtambo wa aina ya bainari, yaani ule unaochemsha kimiminika kingine chepesi kama pentani, utafua kama megawati 1.7. Kama mwamba ni mgumu kupitisha maji na pampu zinahitaji kuzidisha shinikizo kwa megapaskali 10, pampu hizo zitakula zaidi ya megawati 0.7. Karibu nusu ya umeme inarudi shimoni. Ripoti inayotaja umeme ghafi bila kutoa umeme wa pampu ni nusu ya ripoti.

Kurudisha maji ni lazima. Ni njia ya kuyaondoa maji yenye chumvi na arseniki yasiingie mito, na ni njia ya kulinda shinikizo la hifadhi. The Geysers, eneo la jotoardhi la California, walivuna mvuke kwa pupa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ukaanza kuporomoka. Kilichosaidia ni kusukuma ardhini majitaka yaliyosafishwa, kuanzia 1997, kutoka miji ya jirani. Lakini maji yanayorudi ni ya baridi, na swali ni lini yatafika kwenye kisima cha uzalishaji. Katika tabaka lenye vinyweleo sawia, unene wa mita 100, mtiririko wa lita 50 kwa sekunde na visima vilivyoachana kilomita moja, ubaridi hufika baada ya miaka kama 40. Ukivisogeza visima hadi mita 500 ili kuokoa gharama ya bomba, muda haupungui kwa nusu. Unapungua hadi robo, miaka kumi. Ndiyo sababu jozi za visima zinazopasha nyumba za Paris tangu 1969 hutenganishwa chini ya ardhi kwa umbali wa kilomita moja hivi.

Kwenye miamba ya volkano hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hayaenei sawia. Yanafuata ufa mmoja. Ufa uliounganisha visima viwili moja kwa moja unaweza kuleta ubaridi ndani ya miezi. Dawa yake ni kipimo kinachofanywa mapema: unatia kemikali ya kufuatilia maji kwenye kisima cha kurudishia, unachukua sampuli kwenye visima vya uzalishaji kila siku, na ikitokea haraka na kwa wingi unajua kisima hicho hakifai kwa kazi hiyo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na dola milioni kadhaa za kisima kimoja. Mara nyingi ndicho kipimo kinachokatwa bajeti ikibana.

Kisima chenyewe nacho kina ugonjwa wake. Kesingi, yaani bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima, ya mita 1,000 ikiongezewa nyuzi 200 inataka kurefuka mita 2.4. Saruji inaishikilia isirefuke, hivyo chuma kinabanwa kwa mkazo wa megapaskali 480 hivi, wakati chuma cha daraja la K55 kinaanza kulegea kwenye 379. Kinachoiokoa kesingi ni saruji iliyojaa kuanzia chini hadi juu bila pengo. Pengo likibaki na maji ndani yake, kisima kikipata moto maji yale hayana pa kupanukia, na kesingi hubonyea kwa ndani kama kopo. Ndiyo maana kisima kipya hakifunguliwi ghafla. Kinaachwa kipate moto polepole, kikitoa mvuke kidogo kupitia bomba dogo kwa siku kadhaa. Na ndiyo maana kukimwagia maji baridi kisima cha moto ili kukituliza haraka ni kukitafutia ufa.

Tufike kwenye mavuno ya joto lenyewe, ambako fedha nyingi hupotea bila mtu kuona. Tufanye hesabu kwa maji ya nyuzi 230, kilo 100 kwa sekunde, pengine kutoka visima viwili au vitatu vizuri. Yakiingia kwenye tangi la kutenganishia mvuke na maji lenye shinikizo la bari 6, asilimia 15 hugeuka mvuke. Kilo 15 hizo za mvuke zinaendesha turbaini na kutoa megawati 7 hivi. Zinabaki kilo 85 za maji ya nyuzi 159, ambazo katika miradi mingi ya mwanzo zilirudishwa moja kwa moja ardhini, au mbaya zaidi, zikaachiwa bondeni.

Hapa Dar tunao mfano wa fikra hiyohiyo. Kinyerezi II, yenye megawati 240, haiuachii hewani moshi wa moto wa mitambo yake ya gesi. Inautumia kuchemshia maji na kuzungusha turbaini za mvuke, ikapata umeme zaidi kwa gesi ileile. Kwenye jotoardhi kinachofanana na hicho ni mtambo wa bainari uliowekwa baada ya tangi, ukachota joto la zile kilo 85 kabla hazijarudishwa. Kwa nini basi usilichote lote, hadi nyuzi 60?

Kwa sababu ya silika, madini yaleyale yanayounda mchanga na kioo. Maji ya nyuzi 230 yameyeyusha miligramu kama 390 za silika katika kila kilo. Mvuke ukiondoka, silika inabaki kwenye maji, nayo inapanda hadi 455 hivi. Maji yakipozwa, uwezo wake wa kuibeba unashuka, na kwenye kiwango hicho mpaka ni nyuzi 120. Chini ya hapo silika inaanza kujitenga, kwanza polepole, kisha kama jeli, mwisho jiwe la kioo ambalo asidi za kawaida haziligusi. Inaganda kwenye vibadilisha joto, yaani vifaa vinavyohamisha joto kutoka kimiminika kimoja hadi kingine, ndani ya mabomba, na pabaya kuliko pote, ndani ya nyufa za kisima cha kurudishia, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika na brashi. Kisima kilichokuwa kikimeza lita 80 kwa sekunde kinaanza kukataa, shinikizo linapanda, pampu zinaongezwa, kisha kinachorongwa kingine.

Kwa hiyo kutoka 159 hadi 120 tunapata megawati 14 za joto, na umeme kama megawati 1.4. Ni nyongeza ya moja ya tano juu ya zile 7 bila kuchoronga mita moja zaidi. Ukitaka kushuka hadi 90, unayo njia: kutia asidi kidogo ya salfuriki ili kushusha pH, kipimo cha uasidi, hadi karibu 5, silika ichelewe kuganda mpaka maji yawe yamekwisha kurudi kwenye moto. Lakini pampu ya asidi ikizidisha dozi usiku mmoja, chuma kinalika. Ikipunguza, mabomba yanaziba. Kituo kisicho na mtu wa maabara aliyekaa hapohapo, anayepima pH na silika kila zamu, kisijaribu. Ni heri kubaki 120 na kulala usingizi.

Gamba la chokaa ni jingine. Mtu wa Mbezi au Kigamboni anayetumia maji ya kisima analijua: ule ukoko mweupe kwenye hita ya kuchemshia maji. Kisimani hujitokeza pale maji yanapoanza kuchemka, kaboni dioksaidi inapotoroka na maji kushindwa kuendelea kuibeba chokaa. Kusini magharibi lisipuuzwe hata kidogo. Chemchemi za Songwe zimejijengea matuta ya mawe ya chokaa, na gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini Rungwe ni nyingi kiasi cha kuvunwa na kuuzwa viwandani. Mahali penye dalili hizo, kisima kiandaliwe tangu mwanzo na bomba jembamba la kupeleka dawa ya kuzuia gamba, likishushwa hadi chini ya pale mchemko unapoanzia. Likiishia juu yake, ni fedha ya bure.

Na gamba halihitaji kuziba bomba ili kuleta hasara. Kibadilisha joto safi hupitisha wati 2,000 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Milimita moja ya silika juu ya sahani zake inakishusha hadi 670 hivi, theluthi moja. Mhandisi anaona joto la maji yanayotoka likipanda kidogokidogo na megawati zikipungua, na kama hana kumbukumbu za kila siku ataanza kuilaumu hifadhi, wakati mgonjwa yuko juu ya ardhi.

Upande wa kupozea nao una neno lake, na haupati nafasi kwenye mijadala yetu. Turbaini inaishi kwa tofauti ya joto. Maji ya nyuzi 120, hata ukiyakamua yote, kikomo chake cha kinadharia ni asilimia 14 ukipoza hadi nyuzi 20, na asilimia 11 ukipoza hadi 40. Mitambo halisi hupata nusu ya hapo au zaidi kidogo. Nyanda za juu za Mbeya zina bahati ya baridi. Luhoi, bonde la Rufiji, mchana wa Februari, haina. Mtambo wa bainari unaopozwa kwa feni kule ungepungukiwa nguvu saa zilezile ambazo viyoyozi vya Posta na Masaki vinahitaji umeme zaidi.

Majirani wametuachia mifano ya kutosha. Aluto Langano, Ethiopia, ulizinduliwa 1998 kwa megawati 7.3, ukasimama miaka michache baadaye kwa matatizo ya visima na vibadilisha joto, si kwa kukosa joto. Kapisya, Zambia, ng'ambo ya pili ya kona yetu ya Ziwa Tanganyika, palifungwa katikati ya miaka ya 1980 mitambo midogo ya bainari yenye jumla ya kilowati 200. Haikufua umeme wa kuuza, na mojawapo ya sababu ni kwamba laini ya kuupeleka kwa watumiaji haikujengwa.

Wapo wanaosema, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya megawati 2,115, megawati 7 au 30 za jotoardhi ni za nini. Bwawa hutegemea mvua. Jotoardhi haiijui mvua, na kituo kilichoko Mbeya kinapunguza umeme unaopotea njiani kwenda nyanda za juu. Hoja hiyo inatosha, haihitaji kupambwa kwa 5,000.

Kuhusu Luhoi tungeacha kabisa habari ya turbaini. Wala tusiote kuleta joto lake Dar: bomba la Nesjavellir, Iceland, la kilomita 27, hupoteza nyuzi kama mbili tu, lakini ni kwa sababu linabeba maji mengi mno, na mji unaoyapokea una baridi mwaka mzima. Rufiji joto litumike pale pale. Tuseme kisima kifupi kinatoa kilo 10 kwa sekunde za maji ya nyuzi 70, yakirudishwa kwa 45. Hiyo ni megawati moja ya joto. Mpunga unaotoka shambani na unyevu wa asilimia 20 unahitaji kushushwa hadi 14, yaani kilo 70 za maji zitoke katika kila tani. Kwa kikaushio cha kawaida kinachokula megajuli 5 kwa kila kilo ya maji, megawati hiyo inakausha tani kama 10 kwa saa. Maji ya kisimani yasipitishwe moja kwa moja kwenye kipasha hewa. Yapite kwanza kwenye kibadilisha joto cha sahani zinazofunguka, ili gamba likikaa lisafishwe kwa siku moja bila kubomoa kikaushio. Na hewa isizidi nyuzi 43 hivi, la sivyo punje zinapata nyufa na mashine ya kukobolea inatoa chenga. Kwa kazi hiyo nyuzi 70 zinatosha na kubaki.